Ziwa Halioshi Maiti

Ujiji, 18 Novemba 1996

Mjukuu wangu Hamdani, mume wangu wa bure,

Nakusalimu. Sisi uliotuacha tunaamka na tunalala. Goti la kushoto limekataa kukunjika, nasali nimekaa juu ya kiti kama mwenyekiti wa mkutano. Mke mwenzangu Yusra hajambo, anapika, anafua, hakuulizii. Usidhani kutokuulizwa ndiyo kusamehewa. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja kafa. Bati la jikoni linavuja palepale, tumeweka sufuria, sufuria imejaa, tumeweka ndoo.

Sasa nakuuliza. Wewe uliaga siku tatu. Ulisimama mlangoni hapa ukasema, Bibi, nasikia Ilagala boti zinatoka ng'ambo zinashusha wakimbizi, wengine hata nguo hawana, naenda kuona, nitarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo imepita na nyingine sita zimepita nyuma yake.

Tangu urudi vitani Uganda mwaka sabini na tisa sijakuona umekaa kitako. Mfereji wa shule umechimba wewe. Kisima cha msikiti kilipojaa tope uliingia wewe, wenye msikiti wao wamesimama juu wanakuelekeza. Mgambo umefundisha miaka minne bila shilingi. Moto sokoni, Hamdani. Mtu kapotea ziwani, Hamdani. Warundi walipoanza kuja mwaka tisini na tatu ulikuwa unabeba watoto wa watu mgongoni, nikanyamaza, nikasema ni askari, askari ana mazoea yake. Lakini wenzako wote mliokwenda vitani wamejenga. Wewe medali yako iko ndani ya sanduku langu na paa lako linavuja.

Juzi pale Katonga mwanamke mmoja muuza dagaa ananiuliza mbele za watu, "Bibi Mwanakombo, nasikia mjukuu wako sasa ndiye mzika wakimbizi?" Nikamwambia ndiyo, na wewe ukifa mapema atakuzika. Hakunifungia dagaa tena.

Ramadhani inaingia Januari. Nataka ufuturu hapa. Mimi nina miaka sabini na kitu, wajukuu wa kiume nilikuwa nao wawili, nduguyo Faridi yuko chini ya ardhi ya watu, umebaki wewe. Rudi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Nilisoma darasa la ngumbaru. Kama herufi zimelala, laumu miwani.

Bibi yako,
Mwanakombo binti Dadi


Ilagala, 2 Desemba 1996

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mwinshehe mwenye boti. Mimi ni mzima. Msalimie Yusra. Mwambie bati nitalishughulikia.

Boti zinakuja alfajiri. Boti ya watu ishirini inashusha sitini. Walio hai wanapelekwa kambini kwa malori. Waliokufa wanabaki na sisi. Tuko wawili. Mimi, na mama mmoja anaitwa Veneranda, Muha wa hapahapa, mjane, Mkatoliki. Wakristo anawaombea yeye, mimi nachimba. Waislamu ni wangu. Wapo wengi kuliko unavyodhani, wanatoka Rumonge, Uvira, Baraka. Kiswahili chao kama chetu.

Tangu nije nimezika Waislamu thelathini na mmoja. Waliokufa kwa kipindupindu bwana wa zahanati amekataza wasioshwe, ananyunyizia dawa mwenyewe. Hao siwaulizii. Nauliza wengine. Wanaume nawaosha. Wanawake ni kumi na wawili, na hao sijawaosha, kwa sababu mimi si maharimu wao. Karibu wote wamekufa maji. Watu wa hapa wanasema ziwa limeshawaosha. Kwa hiyo nawafunika shuka, nawaelekeza kibla, nafukia.

Lakini sina hakika. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyeosha wanawake wa Ujiji maisha yako yote. Naomba uje wiki moja. Ukishindwa, tuma wawili kati ya wale uliowafundisha. Mwinshehe atawaleta bure na atakuwekea godoro.

Mjukuu wako,
Hamdani


Ujiji, 9 Desemba 1996

Hamdani,

Salamu nakupa kwa sababu mtu anasalimiwa, si kwa sababu nimefurahi. Yusra hajambo. Ndoo ya jikoni imetoboka, tumeweka beseni.

Nani kakwambia ziwa linaosha maiti? Ziwa linaosha masufuria. Ziwa halioshi maiti, watu ndio wanaoosha. Aliyekufa maji anaoshwa kama aliyefia kitandani kwake, maji yaliyomuua hayahesabiwi. Kumi na wawili! Mimi nimeosha mji huu kabla ya uhuru. Nimeosha wenye majumba na wenye vibanda, nimemwosha mama yako mzazi kwa mikono hii nikiwa nina homa, sijawahi kumwacha mwanamke akaenda na uchafu wake. Leo mjukuu wangu mwenyewe anafukia wanawake kumi na wawili kama mihogo.

Wa kuzikwa alivyo ni yule aliyeuawa vitani. Huyo anakwenda na damu yake. Faridi ndiye wa hivyo. Ulipoandika habari yake watu walikuja kunipa pole, nikawaambia msinipe pole, kijana kafa kwa risasi, shahidi hata maji hanidai. Mpaka leo nikiingia kwenye hitima wanasema mpisheni bibi yake shahidi, nakaa mkeka wa mbele. Huyo ndiye haoshwi. Hao wako si Faridi.

Kuja, siji. Goti limeniweka ndani. Wale niliowafundisha, mmoja ana mimba ya miezi minane, mwingine mumewe hataki, wa tatu ana sukari. Kwani Ilagala hakuna wanawake? Wamekatwa mikono? Watafute huko. Na usiweke mwingine chini bila maji, nakukataza.

Halafu rudi nyumbani. Nimesema.

Bibi yako,
Mwanakombo binti Dadi


Ilagala, 28 Desemba 1996

Bibi, shikamoo. Pole na goti. Nimemtumia Yusra samaki wakavu, migebuka, wako kwenye kapu la Mwinshehe.

Wanawake wa hapa nimewaomba nyumba kwa nyumba, nikiwa na mwenyekiti wa kijiji. Wanaogopa kipindupindu. Mmoja alituona tukiwa bado barabarani akafunga mlango. Siwalaumu.

Wiki hii tumepata wanawake watatu. Mmoja alikuwa na hina miguuni, haijafifia bado.

Veneranda peke yake amekubali. Nikamwambia, mama, wewe Mkristo. Akanijibu, "Na wewe ulipombebea mzee Ngendakumana msalaba wake kutoka gatini mpaka kaburini, ulikuwa umebatizwa?" Hajui namna. Niandikie namna.

Hamdani


Ujiji, 8 Januari 1997

Hamdani, mume wangu,

Tumeamka salama. Migebuka tumeila, ilikuwa na chumvi kama dawa. Ukoo wote hauna mgonjwa ila mimi na goti. Funga ni keshokutwa, Yusra amenunua tende, bei zake sikuandikii.

Nimekwenda kwa sheikh na hilo lako. Nilitaka aseme haifai nipate kukuandikia haifai. Akasema kama hakuna mwanamke wa Kiislamu, huyo Mkristo aoshe, itatosha. Kisha akaniuliza, "Kwani Bibi, kweli hakuna?" Nikatazama viatu vyangu.

Haya, msomee huyo Veneranda. Penye Kiswahili kigumu mwambie kwa Kiha, usiruke neno.

Kwanza akuondoe wewe. Simama nyuma ya mkeka, teka maji, usichungulie. Pachimbwe kishimo cha kupokelea maji, maji ya maiti hayatembei uani watoto wakayakanyaga. Amfunike kifuani mpaka magotini na nguo hiyo isitoke. Amwoshe kwa kupitisha mkono chini ya nguo hiyo, na mkono uwe umefungwa kitambaa. Asimwone. Hata kama hapana anayetazama, asimwone. Amwinue kidogo, ampapase tumbo polepole kama unavyomcheulisha mtoto, kilichomo kitoke. Atupe kitambaa, achukue kingine. Amtawadhishe. Halafu kichwa, halafu ubavu wa kulia, halafu wa kushoto. Mara tatu. Hajatakata, mara tano, isiwe nne. Maji ya kwanza yawe na majani ya mkunazi, mkikosa, sabuni ya mche. Ya mwisho yawe na karafuu maiti, nakutumia kwenye kikopo, usimwage. Maji yapashwe. Watu husema maiti hasikii baridi, sijui walimuuliza lini. Nywele afumue, aoshe, asuke mikia mitatu, ailaze nyuma. Sanda vipande vitano, mwanamke si mwanamume.

Tena aseme naye. Hili si la sheikh, ni langu mimi. Huwa nawaambia, sasa nakugeuza, mama. Sasa maji. Sasa tumemaliza. Mtu hageuzwi kama gunia. Na akiona kitu mwilini, kovu, mimba, alama ya fimbo, asikitoe nje ya mkeka.

Wakati naandika haya nimemfikiria Faridi. Miaka kumi na saba sijakuuliza, nilikuwa naona ukitajiwa jina lake unachukua jembe unatoka. Nakuuliza moja tu. Kichwa chake mlikielekeza wapi? Sijui kule Uganda kibla kiko upande gani. Ni swali dogo, lijibu.

Bibi yako,
Mwanakombo binti Dadi


Ilagala, 16 Februari 1997

Bibi, shikamoo. Idi imepita, nawatakia heri wewe na Yusra. Nimechelewa kuandika. Karatasi ilikuwepo.

Veneranda ameosha saba. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Rumonge, jina hatukulipata. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka nasoma barua yako kwa sauti, yeye anafanya. Kila mstari anaitika ndiyo kwa Kiha, ego, ego. Nilipofika pale pa kusema nao nilinyamaza. Akaniita, "Soma, mwanangu, mbona umekauka?" Nikasoma. Nikamsikia anamwambia yule mwanamke kwa Kirundi kuwa sasa anamgeuza.

Umeuliza kichwa cha Faridi kilielekea wapi. Sijui. Nitakwambia kwa nini sijui.

Faridi hakuuawa kwa risasi. Vita vilikuwa vimekwisha wiki tano nyuma. Tulikuwa kambini tunangoja malori ya kuturudisha. Alipata kuhara damu. Siku kumi na moja. Alipewa dawa, haikushika. Alikufa asubuhi saa moja na nusu, mimi nimekwenda kumchukulia chai. Nilirudi na kikombe. Nikainywa mwenyewe.

Afande wetu alikuja. Alikuwa mtu wa Songea, Mkristo, mtu mzuri. Akaniambia, "Nyie mna utaratibu wenu wa kuosha, siyo? Boza la maji liko pale. Chukua maji unayotaka, chukua vijana wa kukusaidia." Nikamwambia hapana afande, tumzike tu.

Maji yalikuwepo, Bibi. Boza zima. Na muda ulikuwepo.

Tulipokuwa wadogo watoto wa mtaa wetu hawakula nasi sahani moja. Walituita mikono ya maiti, kwa ajili ya kazi yako. Faridi alipigana nao. Mimi niliona haya. Jeshini hakuna aliyejua bibi yetu anafanya kazi gani, na sikutaka wanione najua kuosha. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine, sikuipata.

Tulimzika na magwanda yake yakiwa na uchafu wa ugonjwa. Kibla sikupima. Kisha nilikuandikia kuwa amepigwa risasi, kwa sababu nilijua swali lako la kwanza litakuwa maji, na aliyeuawa vitani haulizwi maji.

Huwa unaniuliza kwa nini sikai nyumbani. Sasa unajua.

Hamdani


Ilagala, 14 Machi 1997

Bibi, shikamoo.

Sijapata jibu. Mwinshehe anasema barua alikupa mkononi. Sisi wazima. Wiki iliyopita boti nne. Wanawake wawili, wameoshwa.

Hamdani


Ilagala, 9 Aprili 1997

Bibi, shikamoo.

Mvua imejaza makaburi mawili kabla hatujayatumia, tumechimba mengine juu zaidi. Karafuu maiti imekwisha. Kama hutaki kuniandikia, mpe Yusra kikopo amkabidhi Mwinshehe.

Hamdani


Ujiji, 30 Aprili 1997

Hamdani,

Barua zako tatu ninazo. Goti ni lilelile. Yusra alikuwa na malaria, amepona. Yule mbuzi tumemuuza. Mvua imeangusha ukuta wa choo, tunakwenda kwa jirani.

Ile ya Februari niliisoma mara moja, sijairudia. Nilipomaliza nikakaa nikachambua dagaa. Nimechambua mpaka magharibi, Yusra ananiambia, "Bibi, hao ulishawachambua." Nikaendelea. Nilingoja nilie. Kilio hakikuja, na mpaka leo hakijaja, nimeacha kukingoja.

Mwezi wa tatu waliniita, mke wa muuza mawese amefariki. Nikasema naumwa. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukataa mwito hapa mjini. Wakamwosha wengine, nasikia wamemwosha ovyo.

Nilikwenda kwa sheikh. Akasema aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo naye ni shahidi, ana daraja yake, usihuzunike Bibi. Nikamuuliza, na anaoshwa? Akasema, anaoshwa. Nikamwambia basi hujanipa kitu. Akasema kijana wako hakujua. Nikamwambia alijua. Amenitekea maji ya kazi hii tangu ana miaka sita.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na hitima. Nimeingia wakaanza, mpisheni, mpisheni bibi yake shahidi. Nikawaambia kaeni. Nikawaambia Faridi hakupigwa risasi, kafa kwa kuhara, na hakuoshwa, na maji yalikuwepo. Nikaenda kukaa mlangoni penye viatu. Mmoja akanisogezea sahani. Nikala. Pilau lilikuwa na mafuta mengi.

Hilo la kuionea haya mikono yangu nimelisoma. Mikono hiyo imekulisha. Basi.

Lakini nami nina langu, nisikuache wewe tu ndiye mwenye dhambi ya kusimulia. Desemba nilikwambia goti. Si goti. Goti hili limekwenda Kasulu na kurudi juu ya lori. Naogopa kipindupindu. Mimi, Mwanakombo binti Dadi, niliyewacheka wanawake wa Ilagala kuwa wamekatwa mikono. Nani atakayenithibitishia huyu kafa kwa maji na huyu kwa tumbo? Niliogopa nishikwe huko, nife kwa kuhara kati ya watu nisiowajua, wanifukie na nguo zangu. Ndiyo nikamwacha mwanamke wa Kikristo afanye kazi yangu, mimi nimekaa hapa namtumia maneno kwenye karatasi. Naye akayafanya.

Sasa nakuja. Jumamosi tarehe kumi, boti ya Mwinshehe. Bado naogopa, usinipe moyo.

Lakini wewe nisikukute umekaa. Nikishuka mimi, panda wewe, nenda kwa mkeo. Usiniamkie. Usinishike mkono kunishusha, Mwinshehe atanishusha. Siwezi kukutazama. Sijui lini nitaweza. Wanaume wakiletwa ataosha Mwinshehe, ni Mwislamu huyo, ana mikono miwili. Mfundishe kabla hujaondoka.

Mwanakombo binti Dadi


Ujiji, 20 Mei 1997

Bibi, shikamoo.

Naandika kwa sababu kuandika hukunikataza.

Nimefika. Bati la jikoni nimepiga misumari mipya na lami, halivuji. Ukuta wa choo nimeujenga. Yusra alinipa chakula siku nne bila kusema. Ya tano akaniuliza kama nitakaa. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ukijua usinieleze, nitaona mwenyewe."

Nalala mchana. Naamka sijui ni saa ngapi. Jana alikuja mtu wa shule kusema mfereji umeziba tena, nikamwambia nitakuja, sikwenda.

Pale gatini ulinipita umeshika sanduku kwa mikono miwili. Nilisimama mbali kama ulivyotaka. Mwinshehe nilimwonyesha kuosha mara mbili, kwa maiti kweli, si kwa maneno. Mara ya kwanza alitapika. Ya pili alishika ndoo tu. Sidhani kama amejifunza, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Koleo zuri ni lile lenye mpini mfupi. Veneranda anajua lilipo.

Hamdani


Ilagala, 2 Juni 1997

Hamdani,

Leo sina salamu na sina habari za watu. Soma umesimama.

Asubuhi hii wavuvi wameleta kijana. Miaka ishirini, ishirini na moja. Boti yao imepinduka jana, yeye aliwatoa watoto wawili akarudi kumtoa wa tatu. Ni Mwislamu wa Baraka, jina lake Sudi, dada yake yuko hapa, ndiye aliyetuambia.

Mwinshehe amefunua shuka, amefunika, amekwenda kukaa ndani ya boti yake. Nimemtukana, nimembembeleza, hatoki. "Bibi, kuosha siwezi, kuendesha naweza." Basi nimempa barua hii aiendeshe. Wanaume wengine wa hapa unawajua, wameshafunga milango.

Mwalimu wa madrasa naye kusogea hataki, amesimama mbali anasema kwa kuwa hakuna mwanamume wa kumwosha, nifunge kitambaa mkononi, nimtayamamishe kwa vumbi badala ya maji, tuzike, inatosha. Hukumu hiyo naijua tangu mwalimu huyo hajazaliwa. Nikamwambia mwanamume wa kumwosha yupo. Yuko Ujiji, mwendo wa saa tano kwa boti, amelala mchana. Akasema maiti haicheleweshwi. Nikamwambia mimi ndiye nitakayeulizwa, wewe nenda kafundishe watoto.

Veneranda anapasha maji. Kishimo nimechimba mwenyewe, kwa hilo koleo lako. Sanda nimekata vipande vitatu. Dada yake amekaa kichwani, mimi miguuni, tunamfukuzia nzi. Hakuna aliyemgusa.

Dada mtu amenishika nguo, anasema, "Bibi, mbona kaka yangu haoshwi? Maji si hayo hapo?" Nikamwambia anakuja mtu wa kazi hiyo. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mjukuu wangu, nimemfundisha mwenyewe.

Panda boti.

Bibi yako